Kuskani Kompyuta Kutafuta Taarifa Binafsi Nyeti: Matatizo Yanayojirudia na Utatuzi Wake

Watu wanaoskani kompyuta ili kupata faili zenye namba za vitambulisho, namba za kadi za benki, nywila, taarifa za afya au za mishahara hukwama katika mambo machache yale yale. Programu humaliza kazi upesi na kutangaza kwamba haikukuta kitu, au huleta orodha ndefu isiyoweza kupitiwa, au hukwama katikati, au faili iliyofutwa juzi huibuka tena leo. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi kimetangulia, na ukaguzi mwepesi umewekwa kabla ya marekebisho mazito.

Dalili ya kwanza ndiyo niliyoipa nafasi kubwa kuliko zote, kwa sababu haifanani na hitilafu. Ripoti ndefu humlazimu mtu aichunguze, lakini ripoti tupu hupokelewa kwa furaha na kuwekwa kando bila kuhojiwa, hata pale ambapo programu haikusoma nusu ya diski.

## Jambo la kufanya kabla ya kuskani

Kwanza, hakikisha una haki ya kuikagua kompyuta hiyo. Ikiwa ni mali ya ofisi au inatumiwa na mtu mwingine, pata idhini ya maandishi kutoka kwa mwenye mamlaka, kwa kuwa programu ya aina hii husoma barua, mikataba na picha za watu bila kuchagua.

Pili, tengeneza folda ya majaribio. Tumia namba 4111 1111 1111 1111, ambayo watengenezaji wa mifumo ya malipo huitumia kufanyia majaribio na ambayo hupita kanuni za uhakiki wa namba za kadi. Iandike katika faili ya maandishi matupu, katika hati ya Word, katika seli ya Excel iliyopangwa kupokea maandishi, katika PDF iliyotolewa kutoka Word, na katika picha ya skrini. Kisha nakili mojawapo ya faili hizo ndani ya faili ya zipu. Skani folda hiyo peke yake. Faili ambazo programu imeshindwa kuziona zitakuonyesha moja kwa moja ni sehemu ipi ya mwongozo huu inakuhusu. Ikiwa haikuona hata moja, angalia kwanza kama programu imewekewa orodha ya namba za majaribio ambazo inapaswa kuziruka.

## Dalili ya kwanza: skani inaisha upesi na ripoti ni tupu

Chanzo cha kawaida ni kwamba programu imeelekezwa mahali padogo. Programu nyingi huanzia kwenye folda ya nyaraka ya mtumiaji aliyeingia, ilhali faili nyeti hukaa kwenye folda ya vipakuliwa, kwenye eneo-kazi, kwenye diski ya pili, au katika akaunti ya mtumiaji mwingine wa kompyuta hiyo hiyo. Fungua mipangilio, soma orodha ya maeneo yanayoskaniwa, kisha linganisha idadi ya faili zilizosomwa na idadi ya faili unazojua zipo. Diski yenye mamia ya maelfu ya faili ambayo ripoti yake inataja mia chache tu haijaskaniwa.

Chanzo cha pili ni ruhusa. Katika Windows, mtumiaji wa kawaida hawezi kusoma folda za watumiaji wengine, kwa hiyo programu inapaswa kuendeshwa kwa haki za msimamizi. Katika macOS, tangu toleo la Mojave la mwaka 2018, hata msimamizi analazimika kuipa programu ruhusa ya kufikia diski nzima katika mipangilio ya faragha na usalama. Bila ruhusa hiyo, barua pepe na maeneo mengine yanayolindwa hayasomeki. Baadhi ya programu hazitoi onyo lolote zinapozuiwa, huruka tu na kuendelea.

Cha tatu ni aina za faili. Hati za kisasa za Word na Excel, yaani zenye kiendelezi cha .docx na .xlsx, kwa hakika ni faili za zipu zenye kurasa za XML (maandishi yaliyopangwa kwa alama maalumu) ndani yake. Ukitafuta namba kwa amri rahisi ya kutafuta maandishi kama grep moja kwa moja kwenye faili hizo, hutapata kitu, kwa sababu maandishi yamebanwa. Hata baada ya kuzifungua, Word inaweza kuwa imeikata namba moja vipande viwili na kuweka alama za XML katikati, hasa pale mwandishi aliporudi kuisahihisha tarakimu. Dawa yake ni kutumia programu inayotoa kwanza maandishi safi kutoka kwenye hati, kisha ndipo itafute. Viambatisho vya barua pepe vina shida inayofanana na hiyo: hugeuzwa kuwa herufi za Base64 ili visafirishwe, na katika mfumo huo tarakimu 4111 zikisimama peke yake huonekana kama NDExMQ==. Programu isiyojua kugeuza herufi hizo haina namna ya kuzitambua.

Kuna pia usimbaji wa herufi, yaani namna kompyuta inavyozitunza herufi kama namba. Faili ya maandishi iliyohifadhiwa kwa UTF-16, jambo la kawaida kwa faili zinazotolewa na programu za zamani za Windows, huipa kila tarakimu baiti mbili, na moja kati ya hizo ni sifuri. Programu inayotafuta 4 ikifuatwa na 1 hukutana na 4, sifuri, 1, sifuri, na hupita bila kusimama. Hifadhi nakala ya faili ya majaribio kwa usimbaji huo uone kama inapatikana. Ikiwa haipatikani, washa utambuzi wa UTF-16 katika mipangilio au tumia chombo chenye uwezo huo, kama ripgrep, ambacho huitambua faili ya namna hiyo kwa alama iliyo mwanzoni mwake.

Excel inastahili aya yake yenyewe. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Mtu akiandika namba ya kadi yenye tarakimu 16 katika seli ya kawaida, tarakimu ya mwisho hugeuzwa kuwa sifuri, na seli huonyesha kitu kama 4.11111E+15. Namba iliyobaki, 4111111111111110, haipiti tena uhakiki wa namba za kadi, hivyo programu makini huitupa. Hata hivyo tarakimu 15 za mwenye kadi bado zipo wazi kwenye faili, na tarakimu ya 16 hukokotolewa kwa urahisi kutokana na zile zilizotangulia. Mahali palipo na lahajedwali nyingi, napendekeza skani ya pili inayotafuta namba ndefu zinazoishia na sifuri katika safu zenye vichwa kama «kadi» au «akaunti», bila uhakiki wa hesabu.

Picha na PDF zilizotokana na mashine ya kuskani karatasi hazina maandishi yoyote, zina nukta za rangi tu. Nakala za pasipoti na vitambulisho zinazotumwa kwa simu huwa karibu zote ni za aina hii, na ndizo nyeti kuliko nyingi. Jaribu kuburuza kipanya juu ya neno ndani ya PDF; neno lisipochagulika, ukurasa huo ni picha. Washa kipengele cha kutambua maandishi kwenye picha, na utarajie kazi kwenda polepole sana. Namba iliyoandikwa kwa mkono au iliyopigwa picha gizani inaweza kupita bila kuonekana, kwa hiyo folda za picha zikaguliwe pia kwa macho.

Mwisho ni faili zilizofungwa kwa nywila. Programu haiwezi kuzisoma na haipaswi kuzihesabu kuwa safi. Toa orodha yake, kisha waulize wenye faili. Usitumie programu za kuvunja nywila kwenye faili za watu wengine. Ikiwa mwenyewe hayupo na kuna sababu ya kisheria ya kuifungua, kazi hiyo ni ya mtaalamu wa uchunguzi wa kidijitali akishirikiana na mwanasheria.

## Dalili ya pili: ripoti imejaa vitu visivyohusika

Hapa chanzo kikuu ni kutafuta kwa umbo la namba pekee. Programu iliyoambiwa itafute tarakimu 16 italeta namba za ankara, namba za bidhaa na mabaki ya hesabu. Washa uhakiki wa Luhn, kanuni iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa IBM katika miaka ya 1950, ambayo hutumika kwa namba za kadi za benki. Ukianzia kulia, kila tarakimu ya pili huzidishwa kwa mbili, zikizidi tisa hupunguzwa tisa, kisha zote hujumlishwa. Jumla inayogawanyika kwa 10 bila baki ni halali. Kwa namba yetu ya majaribio, 4 huwa 8, moja saba huwa 2 kila moja na kutoa 14, nyingine nane hubaki zilivyo, na jumla ni 30.

Uhakiki huo hauondoi kila kitu. Namba yoyote ya kubahatisha ina nafasi moja kati ya kumi ya kupita, na penye namba milioni moja hilo bado ni rundo kubwa. Ongeza sharti la mwanzo wa namba: kadi za Visa huanza na 4, za American Express huanza na 34 au 37 na zina tarakimu 15. Sharti hili peke yake huondoa mihuri ya muda, yaani namba ambazo kompyuta hutunzia saa na tarehe. Mihuri hiyo kwa milisekunde ina tarakimu 13 na kwa sasa huanza na 1.

Kila aina ya namba ina kanuni zake, na inafaa kuzijua kabla ya kulaumu programu. Namba ya akaunti ya kimataifa, IBAN, huanza na herufi mbili za nchi na tarakimu mbili za uhakiki, haizidi herufi 34, na hukaguliwa kwa kugawanya kwa 97. Namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani ina tarakimu tisa zisizo na tarakimu ya uhakiki. Kinachosaidia ni kujua kwamba haianzi na 000, 666 wala 9. Kwa namba za aina hii, dawa bora ni maneno ya jirani: iambie programu ikubali namba pale tu penye neno kama «kitambulisho», «mlipakodi» au «tarehe ya kuzaliwa» karibu yake. Andika maneno hayo kwa lugha zote zinazotumika kwenye nyaraka, maana programu nyingi huja na maneno ya Kiingereza tu.

Chanzo cha pili ni kuskani folda za mfumo na za programu. Folda ya Windows, maktaba za programu na kache (akiba ya muda) za kivinjari zimejaa namba ndefu zisizo za mtu yeyote. Ni halali kuziondoa kwenye ripoti, lakini si zote kwa mkupuo. Kache ya kivinjari na folda ya faili za muda huhifadhi nakala halisi za nyaraka zilizofunguliwa kutoka kwenye barua pepe, kwa hiyo ziskani kando na uzipitie kando.

Usipunguze ripoti kwa kupandisha idadi ya chini ya namba kwa kila faili, mathalani kwa kuagiza kwamba faili yenye namba chini ya kumi isitajwe. Ripoti itapendeza, lakini faili moja yenye kitambulisho cha mtu mmoja ndiyo iliyo nyingi kwenye kompyuta za watu, na mtu huyo mmoja anastahili ulinzi sawa na wengine.

## Dalili ya tatu: skani inakwama au kompyuta inalemewa

Mara nyingi antivairasi ndiyo inayochelewesha, kwa sababu kila faili inayofunguliwa na programu ya kuskani hukaguliwa kwanza na antivairasi. Usiizime. Panga skani ifanyike usiku, au mwombe msimamizi wa mfumo aitambulishe programu yako kwenye antivairasi kuwa ni ya kuaminika.

Kinachofuata ni faili kubwa. Sanduku la barua la Outlook, programu ya barua pepe, lenye kiendelezi cha .pst linaweza kufikia GB 50 kwa mpangilio wa kawaida, na programu inayolisoma huonekana kama imekufa. Angalia kama diski na kichakataji bado vinafanya kazi kabla ya kuikatisha. Funga Outlook kwanza, kwani faili iliyo wazi huwa imefungiwa. Kwa faili za zipu, weka kikomo cha tabaka na cha ukubwa: ipo faili mashuhuri iitwayo 42.zip, ya KB 42 tu, ambayo ikifunguliwa yote hadi ndani hufikia petabaiti 4.5.

Faili zilizo kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, huleta shida ya namna yake. OneDrive na huduma zinazofanana nayo huonyesha faili kwenye folda ilhali yaliyomo hayapo kwenye diski, na programu ikijaribu kuisoma, faili hupakuliwa. Skani moja inaweza kuvuta wingu zima na kuijaza diski. Ikiwa nafasi ya diski inapungua huku skani ikiendelea, simamisha, kisha chagua kuruka faili zisizopakuliwa na uzikague kupitia zana za huduma ya wingu yenyewe.

Mara chache zaidi, programu huzunguka mahali pamoja kwa sababu ya viungo vya folda (njia za mkato za kufikia folda nyingine) vinavyojielekeza vyenyewe. Zima chaguo la kufuata viungo. Katika Linux, ondoa /proc na /sys kwenye orodha, maana hizo si faili za diski.

Ukisikia diski ikigonga, au kumbukumbu ya matukio ikionyesha makosa ya kusoma yanayojirudia, simamisha skani papo hapo. Skani husoma diski yote, na kwa diski inayokufa huenda hiyo ikawa kazi yake ya mwisho. Usiwashe tena programu ya kurekebisha diski ili kujaribu bahati. Ikiwa yaliyomo yana thamani na hakuna nakala rudufu, zima kompyuta na uipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data.

## Dalili ya nne: baadhi ya faili zimerukwa kwa kosa la kusomeka

Nyingi huwa zimefunguliwa na programu nyingine. Funga programu zote na urudie faili hizo tu. Nyingine zina njia ndefu inayozidi kikomo cha kawaida cha Windows cha herufi 260, na hutibika kwa kuipa folda ya juu herufi ya diski au kufupisha majina ya folda. Zikibaki chache baada ya hapo, ziandike katika ripoti kama faili zisizokaguliwa.

## Dalili ya tano: faili iliyofutwa inaonekana tena

Anza na pipa la taka, kwa sababu kufuta kwa kawaida ni kuhamisha tu. Kisha angalia usawazishaji: kompyuta ya pili au simu iliyounganishwa na akaunti hiyo hiyo inaweza kuirudisha faili. Futa kupitia tovuti ya huduma, futa pia kwenye pipa la taka la huko, ndipo urudi kwenye kompyuta. Kiambatisho cha barua ni chanzo kingine, kwani mtu hufuta nakala aliyoihifadhi na kusahau barua iliyoileta. Nakala rudufu na sehemu za kurejesha mfumo nazo huweza kuhifadhi faili kwa muda mrefu. Usizifute zote kwa ajili ya faili moja, bali ziache ziishe kwa ratiba yake huku zikilindwa.

Chanzo kinachosahaulika ni ripoti yenyewe. Programu inayoandika namba zote ilizozipata kwenye faili moja imetengeneza faili nyeti kuliko zote, na skani inayofuata huikamata. Ipange ifiche namba na kuonyesha tarakimu nne za mwisho tu, hifadhi ripoti mahali paliposimbwa kwa njia fiche, na uifute kazi ikiisha.

Kwa diski za zamani zinazozunguka, kuandika juu ya nafasi iliyofutwa kunasaidia. Windows ina amri ya cipher /w kwa kazi hiyo. Kwa SSD, yaani diski za kisasa zisizozunguka, njia hiyo haitegemeki, kwa sababu diski hizo hutawanya maandishi mapya mahali pengine zenyewe. Kilicho bora ni diski nzima kusimbwa kwa njia fiche tangu mwanzo kwa BitLocker (Windows), FileVault (macOS) au LUKS (Linux). Kompyuta inapouzwa au kutupwa, fuata mwongozo wa SP 800-88 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unaotenganisha ngazi tatu, yaani kusafisha, kutakasa na kuharibu. Ikiwa data ni ya wagonjwa au wateja, mwachie mtaalamu anayetoa hati ya uthibitisho.

## Dalili ya sita: skani imefichua kitu ambacho hakuna aliyekiweka

Mara nyingi kuna maelezo mepesi: mtumiaji wa zamani, nakala iliyohamishwa kutoka kompyuta nyingine, au programu ya ofisi iliyohifadhi taarifa kwenye folda ya muda. Angalia mmiliki wa faili na tarehe yake kupitia sifa za faili, bila kuifungua, kisha uliza.

Lakini ukikuta faili kubwa ya zipu yenye taarifa za watu kwenye folda ya muda, orodha ya nywila isiyo na mwenyewe, au programu ya kuingia kutoka mbali ambayo hakuna anayeikumbuka, acha kuskani. Usifute, usihamishe, usizime kompyuta. Kuzima hupoteza yaliyomo kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kufuta huondoa ushahidi. Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, andika saa na majina ya faili kwenye karatasi, na uwasiliane na mtaalamu wa usalama wa kompyuta kupitia kifaa kingine. Mjulishe mapema pia anayehusika na ulinzi wa data, kwa kuwa sheria za nchi nyingi huweka muda wa kutoa taarifa. Chini ya GDPR, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, mamlaka hujulishwa ndani ya saa 72 tangu uvujaji unaoweza kuwadhuru wahusika ulipofahamika. Mtaalamu akifika, mpe karatasi hiyo pamoja na ripoti ya skani, na umweleze ni faili zipi ulizigusa kabla ya kusimama.